Kivutio Namba Saba

Usiku wa jana niliota dada yangu Somoe amekuwa kivutio namba saba, nami siruhusiwi kumgusa kwa sababu mimi ni mgeni.

Nianze na nilivyolala, maana ndoto huanzia kitandani. Nilikuwa Rasi Nundu, kwetu, nyumbani kwa Somoe, usiku wa pili. Begi langu lilikuwa limeshafungwa, liko chini ya kitanda. Huo ndio utaratibu wangu. Desturi ya pwani inajulikana: mgeni hula na kulala siku mbili, ya tatu anapewa jembe. Mimi nimekwenda kwingi. Nimekata mkonge, nimepikia kambi ya wajenga barabara, nimelinda ghala la korosho, nimetembeza watalii. Na kote huko, nikifikia kwa mtu, alfajiri ya siku ya tatu mwenye nyumba akija na jembe anakuta mkeka una joto na mlango umerudishiwa. Miaka arobaini hakuna jembe lililonipata.

Shule nilisoma vipande vipande. Darasa la nne nililisoma mara mbili, katika mikoa miwili, na mara zote mbili mwalimu wa hesabu alihamishwa tulipofika kwenye kugawanya. Lakini kuhesabu mpaka mbili najua.

Jioni ile Somoe alinionyesha shamba lake la muhogo nyuma ya nyumba. Magugu yalikuwa yamefika kiunoni, muhogo huuoni mpaka uambiwe ulipo. Mgongo wake siku hizi hauinami. Akanieleza kwamba watu wa mradi wa vivutio vya utalii wamemletea kibao, wakamwambia awe anakaa barazani kusuka ukili, ule utepe wa majani ya miyaa wa kushonea mikeka, ili wageni wakipita wamwone. Basi anasuka, kwa kuwa kulima hawezi tena. Mikeka yenyewe hakuna anayeinunua. Akaniuliza kama wiki hii nitakuwepo. Nikamwambia tutaona. Akacheka kwa pua, akaenda kulala.

Basi naota.

Nafungua mlango niende msalani, nakuta lango. Mbele ya lango pana meza, na nyuma ya meza amekaa kaa. Amevaa tai. Kaa hana shingo, lakini tai imefungwa vizuri, siwezi kusema uongo. Jicho moja linaniangalia mimi, la pili linaangalia foleni. Foleni haipo.

Ananiamkia, naitikia marahaba. Kisha anachukua kalamu.

"Mgeni au mwenyeji?"

"Nimezaliwa hapa. Hata kitovu changu kimezikwa hapa."

"Kitovu tunacho, tunakitunza vizuri. Ni kivutio namba nne. Nimekuuliza wewe."

Akauliza hii ni siku yangu ya ngapi. Nikasema ya pili. Akaandika "mgeni" bila hata kuinua jicho.

Juu ya kichwa chake palikuwa na kibao kikubwa: USICHUKUE CHOCHOTE ILA PICHA. USIACHE CHOCHOTE ILA NYAYO. Vibao kama hivyo nimeviona sana, nami nimewahi kuvisomea watalii kwa sauti nzito. Sikujua kwamba kuna mahali wanavifuata.

"Nyayo," kaa akasema, akanyoosha gando.

Nikakanyaga mchanga. Akaja upande upande, akazibandua nyayo zangu zote mbili kama mtu anayegeuza chapati, akazitazama kwenye mwanga. Akatikisa kichwa, au niseme alitikisa mwili, maana vyote ni kimoja.

"Vidole vimelika, visigino vizima kama vimetoka dukani," akasema. "Hizi ni nyayo za mtu wa kuondoka."

Akazitundika kwenye msumari. Nikamwuliza nitazichukua saa ngapi. Akanionyesha kibao kwa gando: mgeni anaacha. Nikauliza, na mwenyeji je? Akasema mwenyeji hapiti getini.

Nikaenda zangu. Nilipogeuka nikaona mchanga mtupu, hakuna alama hata moja. Nakiri nilifurahi. Kwa mtu wa shughuli zangu hiyo ni faida.

Kipeperushi alichonipa kilisema Rasi Nundu ina fukwe zisizoguswa. Ni kweli. Kila nikikanyaga, ufukwe unashuka kidogo, unakwepa mguu. Inabidi kutembea hewani, inchi mbili juu ya mchanga, kwa adabu.

Kivutio namba moja ni Jiwe la Bibi Harusi. Hapa nina la kusema, kwa sababu bibi harusi huyo nilimtunga mimi. Zamani nikitembeza watalii, mama mmoja aliniuliza lile jiwe linaitwaje. Lilikuwa haliitwi. Tulikuwa tunapigia pweza pale, alainike. Lakini yule mama alikuwa ametoka mbali, na kumwambia pweza niliona aibu. Nikasema hapo alijirusha bibi harusi siku ya ndoa yake. Akalia, akanipa miwani yake ya jua. Mwaka uliofuata jiwe likawekewa kibao. Miaka kumi baadaye napita tena, wanawake wa kijiji wananisimulia kisa kile kile, na nilipojaribu kusahihisha mahali fulani wakaniambia mzee wewe hukuwepo, usituharibie historia.

Jiwe likanitazama muda mrefu.

"Wewe ndiye Mfaume?"

"Ndiye."

"Yuko wapi?"

"Nani?"

"Bibi harusi."

"Hakuwepo."

"Najua hakuwepo, niliyekuwepo ni mimi. Miaka ishirini na minane naulizwa alirukia upande gani. Mimi nilikuwa jiwe la kupigia pweza. Nilikuwa na kazi."

Nikaliomba radhi. Likaniambia radhi ziandikwe, zipelekwe ofisini, nakala kwa mwenyekiti wa kijiji.

Hapo wakaja wageni. Wamevaa fulana za njano, watu kama arobaini, wafanyakazi wa kampuni moja ya mjini waliokuja kushinda pwani ili wapendane. Mbele yao yupo mshereheshaji na kipaza sauti chake. Nyuma yao yanakuja mahotipoti ya pilau. Walianza na pilau. Walipomaliza, mshereheshaji akatangaza kwamba sasa ni wakati wa kufurahia mandhari, kila mtu ana dakika mbili, na asiyefurahia atatajwa jina.

Wakaligeuzia jiwe mgongo. Ndivyo picha za siku hizi zinavyotaka: kitu ulichokifuata kilomita mia tatu unakipa kisogo.

Kila simu inapolia ta, kipande cha jiwe kinatoka. Pale kilipokuwa panabaki peupe, kama ukuta uliopigwa chokaa ukasahauliwa. Ta, limeondoka bega. Ta, pameondoka pale tulipokuwa tukimpiga pweza. Hakuna aliyeshangaa. Kibao kiliruhusu kuchukua picha, nao walikuwa wanachukua.

Mama mmoja mwenye miwani kichwani akageuza simu baharini. Ta. Bahari ikatoka kipande cha ukubwa wa mlango, kule mbele kabisa jua linakozamia. Samaki wakafika pale, wakaona peupe, wakazunguka.

Mama akatazama simu yake, akabinya mdomo. Akasema haikutoka vizuri, ataifuta.

Nikamwuliza, "Ukiifuta, mwanangu, bahari inarudi?"

"Hairudi, babu. Inaenda kwenye takataka, inakaa siku thelathini."

"Halafu?"

"Halafu basi."

Alinijibu kwa heshima. Hilo ndilo lililoniudhi, sikupata pa kumgombeza.

Jiwe lilikuwa limebaki nusu. Likaniita kwa sauti ya chini, likaniambia hawa wakitoka hapa wanazunguka vivutio vyote, na mwisho wa safari ni namba saba. Jua likizama wanampiga dada yangu picha ya pamoja, simu arobaini kwa mpigo.

"Wameshampiga mara nyingi?" nikauliza.

"Mimi jiwe nimebaki nusu," likasema. "Yeye si jiwe."

Nikakimbia. Yaani niliharakisha, maana hewani hukimbii vizuri.

Njia ya mkato inapita pangoni, kivutio namba tano, Pango la Watumwa. Watumwa pale hawakulala hata siku moja, walilala mbuzi wa marehemu baba. Mahali watumwa walipopita kweli ni kule nyuma ya mikoko, kila mzee anapajua, lakini hapana kibao kwa kuwa gari haliwezi kugeuza.

Naingia pangoni, ndani ni darasa la nne. Ni lile lile, la mkoa wa pili, lenye dirisha lililozibwa kwa gunia. Kwenye madawati wamekaa mbuzi wa baba, wawili wawili, na mbuzi dume ameshika chaki.

"Mfaume, umechelewa," akasema. "Jibu hili. Dada mmoja, mgawanye kwa wageni arobaini."

"Mwalimu, mimi kwenye kugawanya sikufika."

"Uliondoka."

"Mwalimu ndiye aliyeondoka."

"Mara ya pili ni nani aliyeondoka?"

Mbuzi wote wakanigeukia. Ukweli ni kwamba mara ya pili mwalimu alihamishwa Jumatano, mimi nilikuwa nimeshatoroka Jumatatu. Nimelisimulia vingine kwa miaka hamsini, nikasahau kwamba mbuzi walikuwepo. Nikatafuta mlango. Mlango wa darasa ukafungukia barazani kwa Somoe.

Amekaa. Ametandika mkeka, anasuka ukili. Pembeni yake pana kibao: 7. MWANAMKE WA PWANI AKISUKA. ASILIA. USIMLISHE.

Kiwiko cha kushoto hakipo. Sikio la kushoto halipo. Kanga imetoka rangi zote na yale maandishi ya pindoni yamechukuliwa, imebaki nyeupe kama sanda. Vidole viko vyote kumi, vinasuka, kwa sababu wageni wengi walitaka sura na vidole vikatoka kwenye picha vikitetemeka.

"Karibu," akasema. Kisha akanitazama miguuni. "Hata alama huweki sasa. Umekuwa bingwa."

"Somoe, simama tuondoke."

"Twende wapi?"

"Popote. Nina begi."

"Wewe huna kwingine ila begi." Akaongeza miyaa. "Soma kibao cha getini. Hapa hakitoki kitu ila picha. Ukitaka kunitoa, toa simu upige, uende na mimi mfukoni. Utanitazama ukipata nafasi."

Nilikuwa na simu. Nakiri niliiwaza.

Nikamwuliza kwa nini asiwafukuze, nyumba ni yake. Akasema ilikuwa yake. Mwenyeji ana haki ya kusema leo sipokei, na mgeni akishaambiwa hivyo hata kama ametoka ng'ambo anarudi. Lakini siku alipokubali kibao yeye aliacha kuwa mwenyeji, akawa kivutio, na kivutio hakina mlango. Nyumba haina mwenyeji. Anatakiwa apatikane mmoja.

"Anapatikanaje?"

"Wewe si unajua? Ni yule aliyepewa jembe akalima."

Mbali tukasikia kipaza sauti kikiuliza nani ana furaha, na watu arobaini wakijibu kwamba ni wao.

Hapo nikaliona jembe. Linakuja kwenye njia ya kisimani, linaruka kwa mpini mmoja kama kilema mwenye haraka. Likafika barazani, likaegemea nguzo, likahema.

"Mfaume bin Mpate," likasema. "Hatimaye."

"Tunajuana?"

"Mimi nakujua. Kilosa nilifika ukawa umetoka dakika kumi. Songea nilikuta chai yako ina moshi. Newala yule mjane alinipokea mimi badala yako, tukalima karanga ekari moja wawili, na akawa anakutaja. Tanga niliibiwa, nikachelewa. Miaka arobaini, Mfaume. Jembe gani linasafiri hivi? Majembe wenzangu yote yamechakaa kwa udongo, mimi nimechakaa kwa barabara."

Nikasema kwa haki kabisa kwamba leo ni siku ya pili, na jembe ni la siku ya tatu, kwa hiyo bado halijanipata.

Kaa akatokea pembeni na daftari. Sikumwona akija, maana yeye haji kwa mbele.

"Ulifika lini?"

"Jana alasiri."

"Jana alasiri mpaka magharibi, ya kwanza. Magharibi ya jana mpaka magharibi ya leo, ya pili. Jua likizama leo inaingia ya tatu."

"Siku inaanza asubuhi," nikasema.

"Ya nani hiyo? Mwezi ukiandama jioni, Ramadhani imeingia au inangoja kuche?"

"Imeingia."

"Tarawehi unaswali usiku ule, au unasema kesho?"

"Usiku ule."

"Mzee, wewe ni mtu wa pwani au umeletwa na fulana za njano?"

Nikakaa chini kwenye ngazi ya baraza. Miaka arobaini nimehesabu siku kwa asubuhi, kama karani. Kila nyumba niliyoitoroka alfajiri, siku ya tatu ilikuwa imeshaingia tangu jana yake magharibi, nami nilikula, nikalala ndani yake fofofo. Hakuna hata nyumba moja niliyoitoroka kwa wakati.

Nikaligeukia jembe. "Kwa hiyo siku zile usiku ulikuwa wapi?"

"Nje ya mlango."

"Mbona hukugonga?"

"Nilidhani umechoka," likasema.

Fulana za njano zinaingia uani. Mshereheshaji anapanga watu: warefu nyuma, wenye vitambi pembeni, mkurugenzi katikati karibu na bibi. Anamwomba bibi asitabasamu sana ili aonekane asilia. Simu arobaini zinainuliwa juu. Anasema watapiga jua likigusa maji, rangi itoke vizuri, atahesabu mpaka tatu.

Somoe hakuwatazama. Alinitazama mimi, kwa upande ule wenye sikio.

"Kaka," akasema, "sikukuita uje unibebe. Nilikuomba ukae."

Nikalishika jembe.

"Kunishika si kulima," jembe likasema. "Watu wengi wamepiga picha wamenishika."

Shamba la muhogo, lililokuwa nyuma ya nyumba, limekuja mbele lenyewe. Limesimama hapo na magugu yake, linangoja. Nikainua jembe, nikapiga. Mgongo ukalia. Nikapiga tena. Jembe likaniambia nalishika kama kafi la mtumbwi. Nikabadili mkono.

"Moja," akasema mshereheshaji.

Jua linashuka. Linafika karibu na maji, linasimama. Halizami. Tukatazama wote. Kile kipande cha bahari linakozamia kilikuwa kimechukuliwa na yule mama mwenye miwani kichwani, pamebaki peupe. Jua halina pa kuingilia. Na jua lisipozama, siku ya tatu haingii, na mimi nabaki mgeni anayefanya mazoezi.

Nikamwita yule mama. Akasema ameshaifuta. Nikamwomba aitoe kwenye takataka. Akajaribu, simu ikamwambia nafasi imejaa, achague nini apoteze. Alifikiri kweli, nilimwona. Akaanza kupitia picha zake za pilau moja moja, na hakuna hata moja aliyoweza kuachana nayo.

"Mbili," akasema mshereheshaji.

Naendelea kulima. Sijui kwa nini, maana haisaidii, lakini naendelea. Kaa ananiangalia kwa jicho moja, jua kwa jicho la pili. Mwishowe anafunga daftari, anashuka ufukweni, anasimama mahali jua linapoweza kumwona, na anatembea. Upande. Hatua nne. Anarudi, anaonyesha tena.

Jua likamwangalia. Halijawahi kuambiwa kwamba kuna kwenda upande. Likajaribu, likayumba kidogo, likasogea hatua nne upande wa kusini, na pale kwenye maji mazima likazama.

Magharibi ikaingia. Nilikuwa kwenye tuta la pili.

Mshereheshaji alikuwa ameshafungua mdomo aseme tatu. Nikasimama na jembe begani, nikasema maneno ambayo sijawahi kuyasema popote, maana sijawahi kuwa na mlango wa kuyasemea:

"Leo hatupokei wageni."

Simu arobaini zikashuka. Hakuna aliyebisha. Mkurugenzi akasema samahani mzee, hatukujua kama kuna mwenyewe. Mshereheshaji akawaambia watu wake washangilie uamuzi huo, wakashangilia, wakabeba mahotipoti yao, wakaondoka wakiuliza kama kuna kivutio kingine njiani chenye choo.

Kaa akang'oa kile kibao cha saba, akakitia kwapani. Nikamwuliza kuhusu sikio na kiwiko. Akasema vilivyochukuliwa viko kwenye simu za watu, hilo liko nje ya ofisi yake, ila wengi hawazitazami tena picha zao, kwa hiyo nisikate tamaa. Somoe akaukunja ukili, akaingia ndani. Akasikika akifunga mlango na komeo, polepole, kama mtu anayejaribu nguo mpya.

Nikakumbuka nyayo zangu. Nikamfuata kaa hadi mezani. Zilikuwa pale msumarini. Nikasema sasa mimi ni mwenyeji, naomba changu.

"Ofisi imefungwa," akasema, akilegeza tai. "Rudi siku ya nne."

"Siku ya nne sijawahi kuifikia popote."

"Ndiyo maana hatuna foleni."

Nikaamka.

Kumekucha. Nje Somoe alikuwa ameshafagia uwanja, mchanga wote una mistari ya ufagio wa chelewa, safi kama ubao wa shule kabla mwalimu hajaingia. Alikuwa amekaa barazani anasuka. Nilihakikisha: masikio mawili, viwiko viwili. Nikajicheka. Mtu mzima anaamka anahesabu viwiko vya dada yake.

Nikavuta begi chini ya kitanda. Mazoea yana mizizi.

Alipoliona akauliza naenda wapi. Nikasema naenda kuangalia hali ya hewa.

"Na begi?"

"Nalo linataka hewa."

Akaongeza miyaa.

Nikashuka ngazi, nikakata uwanja hadi kwenye uzio wa makuti. Hatua kumi na saba, sijui kwa nini nilizihesabu. Nikageuka ili niage vizuri kwa mkono, kama nifanyavyo.

Uwanja ulikuwa na mistari ya ufagio, kutoka ngazini hadi miguuni kwangu, haijavurugika hata mmoja. Jogoo wa jirani alikuwa amepita nyuma yangu wakati ule ule, na nyayo zake zilikuwepo, moja moja, vidole vitatu mbele na kimoja nyuma. Zangu hazikuwepo. Nikapiga mguu chini, kwa nguvu. Nikainua, nikatazama. Mistari ya ufagio.

Nikarudi. Somoe hakuinua macho.

"Umesahau kitu?"

"Nimeacha nyayo."

Mtu mwingine angeuliza maswali. Yeye alimaliza kusuka pale alipokuwa, akauma mwisho wa mwaa kwa meno.

"Jembe liko nyuma ya mlango," akasema.

Nikaweka begi barazani, nikalichukua. Halikusema kitu. Nikazunguka nyuma kwenye muhogo, nikainua, nikapiga. Nikapiga tena. Nilikuwa nalishika kama kafi, nikabadili mkono. Magugu yakaanza kulala kando, na chini yake udongo ulikuwa mweusi, una umande. Kwenye tuta la pili mgongo ukakataa, nikasimama nipumue, nikatazama chini.

Kulikuwa na alama moja. Ya kushoto. Vidole havikuonekana, lakini kisigino kilikuwa kimezama kabisa.